Viti vya Mwisho wa Safu

Mwongozaji alitaka jukwaa lifurike mashabiki kwenye fainali ya mpira iliyo ndani ya filamu yake, na watu aliokuwa nao ni arobaini tu, wengi wao ndugu wa wafanyakazi waliobembelezwa waje. Hilo halikumtisha fundi wa picha, mwanamke ambaye kazini wote humwita Gundi. Kamera ilifungwa mahali pamoja na mtu akawekwa kuilinda isiguswe. Wale arobaini walikaa pembeni mwa jukwaa, wakashangilia, wakahamia viti vya ubavuni mwake, wakashangilia tena, hadi mara tisa. Baadaye Gundi angeviunganisha vile vipande tisa kwenye kompyuta, na jukwaa lingejaa pomoni.

Sharti lilikuwa moja: kila wakisogea wabadilishane viti na kofia, ili sura zisijirudie mahali palepale. Walitii wote isipokuwa wawili, na kwa bahati mbaya wote wawili walikuwa wa Gundi. Mama yake aling'ang'ania kiti cha mwisho kushoto, shangazi yake cha mwisho kulia. Mawifi hawa hawakuwa wamesemeshana kwa miaka sita, tangu walipogombania cherehani ya marehemu bibi. Gundi aliwaalika makusudi, maana Shangazi alikuwa anahama Jumamosi kwenda kuishi kwa mwanawe, mbali sana, na baada ya hapo nani angewapatanisha? Walikuja, wakapiga makofi, wakaondoka kila mtu na njia yake.

Alhamisi Gundi alipounganisha vipande, ikawa kichekesho. Mwisho wa kulia wa kipande kimoja uligusana na mwisho wa kushoto wa kinachofuata, na mawifi wakajikuta bega kwa bega, mara nane. Na kila mara walikuwa wamepeana kisogo.

"Hawa mama wawili vipi?" mwongozaji aliuliza. "Uwanja mzima unashangilia, wao wamenuniana!"

"Ni Mama na Shangazi," Gundi alisema, aibu imemjaa. "Ngoja nione."

Alifungua picha zilivyopigwa, kabla ya kuunganishwa, atafute hata sekunde mbili ambazo wote wanatazama uwanjani. Hapo akaganda. Siku ile, kulia kwa Mama ndiko alikokuwa Shangazi, na kushoto kwa Shangazi ndiko alikokuwa Mama. Kisogo kilitoka wapi? Kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake kwa kuibia, kupita vichwa vya watu wote wale; kuunganishwa kwa vipande ndiko kulikofanya waonekane wamepeana kisogo. Mama akigeuka, Shangazi yuko na makofi yake. Mama akirudisha macho uwanjani, Shangazi anageuka. Gundi alifungua picha zote tisa. Macho yao hayakukutana hata mara moja.

Dawa ya filamu ilikuwa rahisi: aliwageuza wote wawili kwenye kompyuta, wakaonekana wanatazamana, na mwongozaji akasema sasa safi. Gundi alikuwa analia. Kisha akampigia mama yake simu.

Mama alifika mchana uleule, akanung'unika kuhusu ngazi, akavutiwa kiti.

"Mtazame Shangazi tu," Gundi alimwambia.

Mama alitazama kipande cha kwanza. Cha pili. Cha tatu.

"Kakonda," alisema.

"Kakutazama mara zote tisa, Mama. Na wewe pia."

"Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani."

"Kule hakukuwa na saa."

Mama alisogeza kiti karibu na kompyuta. Alitazama vilivyobaki mpaka mwisho, halafu akafuta macho kwa kiganja, bila kujificha.

"Umeshamwonyesha?"

"Bado. Nataka nimpigie sasa hivi."

"Usimpigie." Mama alikuwa ameshasimama, mkoba begani. "Nitamwambia mwenyewe."