Maji ya Katuni za Zamani

Duka la Theodora lilikuwa nyuma ya stendi ya Newala, katikati ya fundi cherehani na muuza salfa ya mikorosho, na watu waliliita laibrari ingawa halikuwa na kitabu hata kimoja. Kila asubuhi alifagia mlangoni, akapangusa vumbi la salfa kwenye tivii kwa pindo la khanga, akakaa kwenye kigoda kusubiri vijana waje na flashi zao wawekewe muvi. Siku hizi vijana walitaka anime tu, zile katuni za Kijapani. Walikuja wamemaliza moja, macho mekundu kwa kukesha, na swali lao lilikuwa lilelile.

"Shikamoo, Mama Kasiani. Kuna nyingine kama hii?"

Theodora alijua kulijibu. Hakuuliza hadithi ilihusu nini, maana mapanga na mashetani yamo katika karibu zote. Aliuliza mtu alipenda nini hasa. Kijana mmoja alisema amependa ile mpya ya maroboti. Alipobanwa kidogo, kumbe alichopenda ni yule fundi mzee anayeyatengeneza. Theodora akampa ya zamani, ya kabla kijana mwenyewe hajazaliwa, iliyohusu karakana ya baiskeli ambako hakuna anayepigana na mtu. Kijana alinuna. Kesho yake alirudi kuulizia sehemu ya pili.

Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, Lameck, aliyekuwa akileta mafurushi ya diski kutoka Mtwara enzi ambazo kuwa na deki kulimpa mtu heshima mtaani. Lameck alifariki mwaka juzi, baada ya kuugua sana. Walipomruhusu kutoka hospitali ya Ndanda akapumzike nyumbani, hakutaka kuangalia kitu kingine isipokuwa katuni moja tu, ya binti mwenye kivuko. Ilikuwa ya zamani mno na haikuwahi kupata watu. Binti anavusha wasafiri kwenye mto mpana, mvua inanyesha karibu muda wote, na basi. Mwishoni mwishoni mtu asiyeonekana anaita kutoka ng'ambo na binti anaitika. Lameck alikuwa akiinua kidole kabla ya sauti ile kusikika, hata siku ambazo kuinua kijiko kulimshinda. Diski hiyo Theodora hakuikodisha wala kuinakili kwa mtu. Aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka kabatini chini ya nguo zake za kanisani.

Mtaa wao ulikuwa na bomba. Lilizinduliwa kwa ngoma na pilau, na siku hiyo lilitoa maji mpaka magari ya wageni yalipoondoka. Baada ya hapo wanawake waliendelea kuteremka bondeni na ndoo kama walivyoteremka mama zao, na kupanda nazo zikiwa zimejaa. Wenye bati na kisima cha nyumbani walivuna mvua, nayo ikiisha nao walishika njia ya bondeni. Ilikuwa hivyo, na watu walishachoka kuisemea.

Mwezi wa tisa, visima vikiwa vimebaki na tope, Theodora alimwekea mteja anime ya tarishi anayepeleka barua milimani. Mvua ikaanza kunyesha katika picha, na maji yakatiririka kutoka kwenye kioo cha tivii, yakashuka mezani mpaka sakafuni. Theodora akaleta beseni. Mteja alisogeza miguu na kuuliza kama kuna ambayo sauti yake iko vizuri zaidi. Baadaye fundi wa umeme alikuja, akapapasa nyaya, akakuta ni kavu, akabadilisha plagi iliyolegea na kwenda zake.

Stamili, jirani aliyekuwa akiuza ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha nje ya duka, aliona beseni linajaa. Alichota kwa kikombe akaonja.

"Matamu," alisema. "Halafu ya baridi."

"Ya Kijapani hayo," alisema Theodora.

Jioni hiyo ndoo zilipangwa mpaka kwa fundi cherehani. Wiki haikuisha watu wakawa wameshajua utaratibu wake. Tivii za flati zilitoa umande tu, kwa hiyo ilibidi iwe ya chogo, ile nene ya zamani. Zile zilizotafsiriwa na madijei, wale wanaosimulia muvi kwa Kiswahili, hazikufaa kabisa, kwa sababu dijei akiona mvua bila maneno anaruka mbele. Anime mpya nazo zilidanganya. Mvua yake ilichorwa na kompyuta, ilionekana ya gharika, lakini haikujaza hata jagi na iliacha unga mweupe chini ya chombo. Maji ya kweli yalikuwa kwenye zile za zamani zilizochorwa kwa mkono, na kadiri katuni ilivyokuwa haijulikani ndivyo ilivyokuwa na maji mengi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyachota. Kulikuwa na makosa pia. Stamili alikinga kwenye katuni ya mabaharia, akachemshia ming'oko, na siku hiyo hakuhitaji chumvi. Katuni moja ilitoa theluji, wakampelekea muuza samaki.

Sasa wateja wa Theodora wakawa wanawake wenye ndoo, na swali halikubadilika sana.

"Ile ya tarishi maji yake yalikuwa mepesi, sabuni inatoa povu vizuri. Kuna nyingine kama ile?"

"Ya kufulia au ya kupikia?"

"Ya kupikia. Kunde ziliiva upesi."

"Basi chukua hii ya mjane mwenye shamba la chai. Aliyechora mvua ni yule yule, alikuwa bado kijana. Watu hawakuipenda, walisema inachelewa. Mvua yake ni ndefu lakini."

Wakakinga. Hakuna aliyeinua macho kumtazama mjane. Walitazama ndoo, na ndoo ikijaa walisema asante, wakajitwisha. Hilo lilimuuma Theodora. Yule mjane alikuwa na mambo makubwa ya kusema, na aliyasema yote kwa migongo ya watu. Lakini huwezi kumwambia mwanamke aliyezoea kupanda mlima wa Newala na ndoo kichwani kwamba akae kwanza afuatilie hadithi, na Theodora hakumwambia mtu. Alifungua kabla jua halijachomoza, alifunga kiza kikiwa kimeshika, na mgongo ulimuuma kwa kuinamia mabeseni. Alipata maji ya kuoga, akachoka kiasi cha kutotaka kuoga.

Halafu diski zikaanza kukauka. Ya tarishi ilikuwa ya kwanza. Wakati wa mvua ulifika, tarishi akafungua mwavuli, na hakikudondoka kitu. Akaendelea kutembea na mwavuli wake katika njia ya vumbi. Siku iliyofuata hakuwa na barua tena, alikuwa na dumu. Katika ile ya shamba la chai, mjane na wachumaji wake waliacha majani na kutoka nje ya picha wakiwa na ndoo, na kilichobaki ni shamba linalonyauka mpaka mwisho, na muziki wake. Theodora alizima, akapangusa diski na kuirudisha kwenye kasha.

Aliteremka Masasi, akafika Lupaso kwa Mzee Zabroni, aliyewahi kuuza diski na sasa alizitundika kwenye shamba la mtama kufukuzia ndege. Theodora alizunguka shambani akizisoma moja moja zikimeta juani, akazifungua zile ambazo hazijakwaruzika sana.

"Na ndege wangu?" aliuliza Mzee Zabroni.

Theodora akamtundikia za kisasa. Mzee alisema sawa, ndege hawachagui.

Hizo za shambani ziliwavusha mwezi wa kumi. Katikati ya mwezi huo alikuja bwana wa mradi wa maji, jina lake Anderson, kijana mwenye adabu na shati lililonyooshwa. Alimsalimu Theodora shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda. Aliomba kikombe, akakinga mwenyewe kwenye katuni ya walinda msitu, akanywa chote.

"Maji safi sana, mama. Basi mtaa huu una maji."

"Una tivii," alisema Theodora.

"Chanzo ni chanzo, mama yangu." Alieleza kwa upole, bila kiburi, kwamba mabomba ni machache na lazima yaende kwa wasio na maji, kwa hiyo lile lililokuwa lije kufufua bomba la mtaa huu sasa litaelekea upande wa nyumba za wageni, ambako hawana chanzo chochote.

"Diski zinakauka," alisema Theodora. "Na umeme ukikatika tunakaa na ndoo tupu."

"Hata mito hukauka, mama. Tutaliangalia awamu ijayo."

Theodora alikuwa na umri wa kutosha kujua awamu ijayo hukaa wapi. Anderson alisimama, kisha akakumbuka kitu, akatabasamu kama mtoto. Alipokuwa anasoma sekondari ya Chidya kulikuwa na anime ya timu ya mpira ya kijijini, aliipenda mno. Je, hapo hapakuwa na nyingine ya namna hiyo? Theodora alimtazama. Akainuka, akapekua, akamtolea moja ya zamani ya mlinda mlango aliyezeeka, nzuri kuliko aliyoitaja. Ilikuwa bado ina maji kidogo. Angeweza kumpa mbovu, lakini hakujua kumchagulia mtu kitu kibaya, na alijichukia kwa hilo siku nzima.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja hakukubaki diski yenye maji laibrari, na mawingu yalikuwa yakipita juu ya uwanda bila kusimama. Wanawake walirudi bondeni. Theodora alirudi kwenye kigoda chake na vijana wa flashi, na hakumwambia mtu kuhusu kabati.

Stamili hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amekaa naye kwenye matanga ya Lameck, akasikia habari za kidole na kivuko. Siku hiyo alikuja bila sinia la ming'oko, akasimama mlangoni.

"Binti yangu amejifungua," alisema.

"Hongera. Wote wazima?"

"Wazima. Lakini anatakiwa kukandwa, asubuhi na jioni, na nyumbani hakuna maji hata ya kumnawisha mtoto. Nangu mimi, magoti haya yamenigomea, nimekwenda bondeni jana, ndoo nimeiacha njiani." Alishika fremu ya mlango. "Nisingekuomba, Mama Kasiani."

"Najua usingeniomba."

Theodora alikwenda nyumbani. Alikaa mbele ya kabati muda mrefu, akalia, akanawa uso kwa kiganja cha maji yaliyobaki kwenye birika. Akarudi dukani na kitambaa mkononi. Wenye ndoo walikuwa wameshajipanga, kwa jinsi habari zinavyotembea Newala.

"Ila hii mtaiangalia," aliwaambia. "Mkitaka maji yake, mtaiangalia."

Wakaiangalia. Stamili alikaa sakafuni, wengine wakasimama nyuma yake, na mto ukafunguka kwenye kioo. Maji yalikuja kwa nguvu kuliko ya katuni zote zilizotangulia, yakajaza mabeseni, ndoo, madumu, pipa la muuza salfa na kisima cha nyumba ya tatu kwa mpira ulioungwa haraka haraka. Yalikuwa na harufu ya majani mabichi. Wanawake walibadilishana vyombo bila kuondoa macho kwa binti wa kivuko, na mmoja alisema huyu mtoto anafanya kazi sana, mama yake yuko wapi. Theodora alisimama pembeni akisubiri pale pa Lameck. Lakini mto ulikuwa ukipungua mbele ya macho yao. Sauti ya ng'ambo ilipopaswa kuita, ng'ambo haikuwepo. Palikuwa na kokoto tu, kuendelea mpaka upande wa pili, na mtu yeyote angeweza kuvuka kwa miguu. Hakuna aliyeita. Theodora alirudisha nyuma, akaangalia tena, akarudisha tena. Kisha akaacha.

Stamili alibeba maji ya mzazi kwa zamu mbili, akisaidiwa na majirani. Siku nne mfululizo binti yake alikandwa vizuri, na mtoto alioga.

Siku ya tano maji yaliisha. Asubuhi Theodora aliwasha tivii bila sababu. Kivuko kilikuwa kimelala ubavu juu ya mawe. Binti alikiangalia kidogo, akachukua ndoo aliyozoea kuchotea nje maji yaliyoingia kivukoni, akaja mbele mpaka uso wake ukajaa kioo. Akakanyaga meza, akashuka sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nje wanawake walikuwa wakikusanyika kuelekea bondeni. Binti akatoka akasimama mbele ya wote. Mwanamke mmoja alisema wengine wamefika tangu alfajiri, na binti akarudi nyuma bila ubishi. Theodora alifunga duka. Alichukua ndoo yake, akachana kipande cha khanga na kumkunjia binti ngata ya kichwani, maana alikuja bila kitu na ndoo ya mti ingemchubua.

Wakaondoka wote. Waliruka mtaro mpya wa bomba uliokuwa ukichimbwa kuelekea nyumba za wageni, wakawasalimu wachimbaji, wakaanza kuteremka. Njia ilipoanza kuwa kali binti alimuuliza Stamili kama bondeni ni mbali.

"Si mbali," alisema Stamili, kama wanavyoambiwa wote siku ya kwanza.