Kipindi cha Mjane

Kama kuna mtu aliyestahili tuzo Bukavu nzima, basi ni Apolline. Na kama kuna mtu aliyeiogopa tuzo hiyo, ni huyo huyo Apolline. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akitunga na kuigiza kipindi cha sheria kwenye redio ndogo ya Bagira, dakika ishirini kila Jumatano: leo mipaka ya shamba, kesho mtoto asiyeandikishwa, keshokutwa mpangaji aliyefungiwa mlango. Sauti zote za wanawake alizifanya mwenyewe. Sasa chama kimoja cha mawakili kilikuwa kimeanzisha tuzo ya vipindi, michoro na michezo inayowafumbua watu macho kuhusu sheria, na katika mamia ya vipindi vyake kikachagua kile cha mjane. Kati ya vyote!

Katika kipindi hicho mjane asiye na mtoto anatishiwa kufukuzwa nyumbani na ndugu za mumewe. Anafika mbele ya jaji, anaweka mezani cheti cha ndoa ya kanisani, na jaji anatamka kwamba nyumba ni yake, asiguswe na mtu. Ilikuwa tamu kuisikia, lakini haikuwa kweli. Cheti cha padri peke yake hakina nguvu mahakamani. Sheria inataka ndoa iandikishwe komini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Apolline alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini sebule za Bagira zote zimetundika cheti cha padri ndani ya kioo, cha komini hakuna anayekitundika, hata wale wachache walio nacho. Jumanne ile aliandika akiwa na homa, na wakili aliyezoea kumsomea maandiko alikuwa safarini Kinshasa. Mkono ukaandika kile ambacho macho yamezoea kukiona.

Mwaka mzima hakuna aliyesema neno. Kisha, wiki tatu kabla ya sherehe, mwanamke aitwaye Consolate aliingia redioni, akaketi bila kuambiwa, mfuko wa plastiki mapajani.

"Maman, mi njo ule mujane," alisema. "Wa kweli."

Mumewe, Didier, alikuwa mgonjwa wakati ule. Walikuwa wameoana kanisani, na walikuwa wamepanga kwenda kuandikisha ndoa ili Consolate abaki na nyumba.

"Siku ile tulikuwa tunaenda ku komini. Didier alikuwa ameshavaa koti. Tukasikia kipindi yako. Akasema: kama ya padiri inatosha, juu ya nini nitembee na huu ugonjwa? Akatoa koti. Tukabaki. Nyuma ya siku tisa akakufa."

Shemeji yake, Cédric, ndiye aliyempeleka mahakamani. Consolate alifika na cheti chake akiwa na uhakika wote, maana alikuwa amemsikia jaji wa redio kwa masikio yake. Jaji wa kweli alikisoma, akakirudisha. Ndugu za marehemu walikana hata mahari. Nyumba ilitakiwa iwe wazi Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, ambayo ndiyo siku hasa ya tuzo.

Apolline alimkimbilia Grégoire, mkurugenzi wa redio, akitaka kosa lisahihishwe hewani jioni ile ile. Grégoire si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka, na uchovu wake ni wa umeme. Redio ilikuwa inanyamaza siku tatu kwa wiki, na mshindi wa tuzo angepewa paneli za jua.

"Ngoja kwanza tupate ma-panneau, maman. Nyuma ya fete utasema yote unataka."

"Na wale mawakili? Hakuna hata mumoja alisikia?"

"Hawakusikiliza. Balisoma tu ile page ya Kifaransa niliandika juu ya kipindi."

Hapo Apolline alitaka kucheka, akashindwa. Alikubali kungoja. Ndiyo, alikubali, na tusimtetee: aliwafikiria wasikilizaji wa siku tatu za kimya, akajifikiria na yeye mwenyewe, akaona aibu ya kusema ni kubwa. Wiki mbili alilala vibaya. Ya tatu hakulala kabisa.

Sherehe ilifanyika Ibanda, ukumbini, karibu na ziwa. Wageni waliitwa saa tatu asubuhi. Ilipogonga saa sita bado walikuwa wanajaribu maikrofoni. Hotuba zote zilikuwa za Kifaransa, kuhusu raia wa chini anayepaswa kuelewa, na raia wa chini hakuwemo. Grégoire alikuwa pembeni na mashine yake, akirusha sherehe moja kwa moja hadi Bagira. Apolline aliitwa. Maître Anaclet, wakili na mwenyekiti wa majaji wa tuzo, alimpa kibao cha kioo chenye jina lake.

"Kipindi hiki kina kosa," Apolline alisema kwa Kiswahili. "Nilidanganya batu. Karatasi ya padiri haitoshi. Muende komini wote wawili, mukiwa bado wazima. Kuna mujane leo anafukuzwa juu yangu."

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha makofi. Walidhani ni igizo; ndivyo alivyojulikana. Apolline akarudia polepole, kwa sauti yake ya nyumbani, ile asiyoitumia redioni. Kicheko kikafifia. Maître Anaclet akasogea kwenye maikrofoni, akamshukuru kwa unyenyekevu wake, akaomba watu wa picha wasogee. Hata aibu walimnyima.

Grégoire hakumtazama, lakini pia hakuwa amezima mashine.

Alifika Bagira alasiri, akiwa bado na vazi lake la sherehe na kioo cha tuzo mkononi, miguu inauma. Mlango wa Consolate ulikuwa wazi, vyombo nje kwenye udongo mwekundu: sufuria, viti viwili, kabati lisilo na mlango. Cédric alikuwa amesimama barazani na kufuli mpya mkononi, akingoja kwa adabu yote. Redio ya jirani ilikuwa bado inaongea.

"Nilikusikia," Consolate alisema.

"Consolate, unisamehe. Nilipashwa kusema tangu ile siku ulikuja."

"Ulipashwa, ndiyo."

Apolline alianza kulia, na kulia kulimchosha zaidi. Consolate alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekuja wakati wa kazi.

"Ile siku pia uliongea muzuri, maman. Vile ulifanya sauti ya ule shemeji mwanamuke mukali, Didier alicheka mupaka akashika kifua. Sikumusikia tena anacheka nyuma ya pale."

Consolate aliinama kwenye godoro, akalikunja upande wake.

"Sasa shika kule," alisema. "Iko nzito, na mvua inakuja."

Apolline akaweka kile kioo chini, akashika.