Kungoja Wingu Lipite

Masikio alikuwa amekalia kiti kimoja cha chumba cha udhibiti wa umeme kwa miaka thelathini na moja. Watu wa idara waliapa kwamba transfoma ikipiga chafya upande wa pili wa mji, yeye husema "pole" kabla haijamaliza. Chumvi imo, lakini si nyingi.

Enzi zake umeme ulikuwa na adabu. Ulitoka mitamboni, ukashuka kwa watu, basi. Ukizima juu, chini kunakuwa kukavu. Siku hizi kila paa limeota paneli za sola, na jua likiwa kali umeme unapanda laini kinyumenyume, bila hata kubisha hodi. Masikio hakuzichukia paneli. Mbili ziko kwenye paa la chumba chake mwenyewe cha kulala. Kilichomchosha ni kuitwa semina kila baada ya miezi mitatu kuambiwa kwamba alichojifunza semina iliyopita kimefutwa.

Asubuhi hiyo, saa nne na nusu, kikombe cha kauri kinachoshika waya kilipasuka kwenye mtaa wa karakana. Laini ikazimwa kwa kubofya tu. Skrini ukutani ikaandika sifuri. Fundi aliyepelekwa kupanda nguzo alikuwa mkwewe, mume wa kitindamimba wake.

"Baba, nipo chini ya nguzo," mkwe alisema redioni. "Simu imeshaniletea ruhusa. Tiki ya kijani."

"Imetoka kwa nani?"

"Kwa mfumo."

"Huo mfumo umepanda nguzo ngapi?"

Dereva wa gari la mafundi alisikika akicheka kwa nyuma. Meneja wa zamu, mama mmoja mpole aliyekuwa hajalala vizuri tangu mfumo mpya wa kompyuta uwekwe, hakucheka. Alisimama nyuma ya kiti cha Masikio, macho kwenye saa. Siku hizi ofisi ya mdhibiti wa serikali inaona kila dakika ya giza papo hapo, huko huko iliko. Zikipita thelathini, mstari unageuka mwekundu na barua inatoka yenyewe, haisubiri mtu aamke na hasira.

"Mzee wangu, zimeshapita dakika tisa," alisema. "Mpe laini."

Maana sheria moja ya zamani ilikuwa imesahaulika kufutwa: fundi hagusi waya mpaka mtu wa chumba cha udhibiti atamke kwa mdomo wake, "Laini ni yako." Maneno matatu. Masikio alikuwa ameyasema mara nyingi kuliko alivyomwita mkewe kwa jina.

"Mkwe, umefunga waya wa kuteremshia umeme ardhini?"

"Uko stoo, baba. Kwa kazi ndogo walisema si lazima tena. Kuufunga kunakula dakika."

Masikio akafumba macho. Uchovu ulimpanda kutoka kwenye visigino.

"Basi pima kwa fimbo."

Fimbo ya kupimia hulia ikikaribia waya wenye umeme. Mkwe akaiinua. Haikulia.

"Imenyamaza, baba."

"Umeona?" alisema meneja. "Skrini sifuri, fimbo kimya. Unataka nini tena, waya ukuandikie barua? Dakika kumi na nne."

Kweli, alitaka nini? Angesema yale matatu, chai ingekuwa bado ya moto. Akasogeza mdomo kwenye redio. Hapo ndipo alipoona kwamba kivuli cha kikombe chake cha chai hakipo mezani. Akageuka dirishani. Nje kulikuwa kumefifia.

"Mkwe. Huko kuna jua?"

"Jua? Hapana, wingu limekaa juu yetu. Afadhali, joto lilikuwa limenichosha."

"Kaa chini. Usipande."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wingu lipite."

Meneja alishika kichwa. "Mzee! Nimwambie mdhibiti tunangoja *wingu*?"

"Mwambie. Naye ana dirisha."

Wakangoja. Sijui kama umewahi kungoja wingu ukiwa na watu mia nne gizani na bosi anakupumulia kisogoni. Lile lilikuwa la aina ya wavivu. Ungedhani nalo, kama Masikio, limebakiza mwezi mmoja kustaafu. Dakika ya thelathini mstari ukawa mwekundu. Meneja akavuta kiti, akakaa. Masikio alijiona mjinga. Alijiona mzee pia, jambo ambalo ni baya zaidi.

Dakika ya thelathini na tatu kivuli cha kikombe cha chai kikarudi mezani, taratibu.

"Pima tena."

Fimbo ililia mpaka redio ikakwaruza.

Mkwe akaita kwa sauti ndogo: "Baba."

"Nimesikia. Angalia mapaa."

Paa lenyewe lilikuwa la seremala mmoja wa mtaa huo. Paneli kumi na sita, zimeungwa na fundi wa chapuchapu aliyeondoka na ngazi yake kabla hajaulizwa swali. Laini ikizimwa zilipaswa kujizima. Hazikuwa na habari hiyo; kila jua likitoka zilisukuma umeme kwenye laini. Na mita mpya ya seremala ilikuwa haijaunganishwa kwenye mfumo, kwa hiyo skrini haikumjua. Akaombwa azime, akazima huku akinung'unika, fimbo ikanyamaza juani.

"Laini ni yako," alisema Masikio.

Kikombe cha nguzoni kikabadilishwa. Dakika hamsini na mbili jumla.

Kompyuta ikadai sababu ya kuchelewa, uchague kwenye orodha: mti, radi, mnyama, wizi, gari kugonga nguzo, uzembe wa mwendeshaji. Wingu halikuwemo. Seremala hakuwemo.

"Chagua mti," meneja alinong'ona. "Nitakubali."

"Wataleta watu waukate." Akabofya uzembe wa mwendeshaji, akapiga miayo, akainua simu ya stoo.

"Pakia waya wa ardhini kwenye magari yote. Leo hii."

"Kwa idhini ya nani?" mtunza stoo aliuliza. "Lazima niandike."

"Andika mzembe wa chumba cha udhibiti," alisema Masikio. "Na uupakie kabla mafundi hawajatoka tena."