Mtihani wa Chumbani

Kwa miaka tisa Fundi Meno alikuwa akitengeneza meno ya watu, na kama kuna kitu kilichomchosha ni kuona wagonjwa wakitoka kliniki wakichekelea kwa kazi ya mikono yake huku sifa zote akizibeba daktari. Daktari alichungulia kinywa, akasema "fungua, funga", akaandika karatasi. Fundi Meno ndiye aliyebaki chumba cha nyuma na plasta hadi kwenye nyusi, akiyeyusha nta, akipanga jino moja moja, akisugua ufizi wa bandia mpaka ung'ae. Jina lake halisi pale kazini hakuna aliyelijali. Walimwita Fundi Meno, naye aliitika.

Basi chuo cha ng'ambo kilipomwandikia kwamba amepata nafasi, miaka mitatu ya kusomea utengenezaji wa meno na mataya, ada yote juu ya wafadhili, alilia mpaka plasta ikamganda mashavuni. Sharti lilikuwa moja tu. Kabla ya mwezi kwisha alete cheti cha mtihani wa Kiingereza, alama zisipungue sitini na tano. Asipoleta, nafasi yake anapewa mwingine, na barua ilisema hivyo bila kuzunguka.

Akaenda kwa wakala wa vyuo. Bwana huyo alikuwa na ofisi juu ya duka la fotokopi, suti nzito iliyomtoa jasho asubuhi na mapema, na ukutani picha ya wanafunzi wanaochekea theluji ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuigusa.

"Mitihani iko mitatu, dada yangu," alisema, akipanga karatasi tatu mezani. "Huu wa kwanza ndio nakushauri. Unaongea na mtu, uso kwa uso. Ukikwama anakusubiri. Ila kituo kiko mji mwingine, ni siku mbili, utalala huko. Wa pili ni kituo hichohicho, siku mbili hizohizo, ila unaongea na kompyuta. Wa tatu unafanyia nyumbani kwako, saa mbili umemaliza. Lakini masharti yake ni ya jela."

"Masharti gani?"

"Unajifungia chumbani. Unazungusha kamera waone kuta zote, chini ya meza, mpaka masikio yako. Ukishaanza husimami. Mtu akiingia, umefutwa. Sauti ya mtu mwingine ikisikika, umefutwa. Na ukifutwa, hurudii mpaka miezi sita ipite."

Mwingine angechagua wa kwanza bila kukuna kichwa. Yeye alikuwa na mama.

Mama yake alikuwa mshonaji nguo mwenye mdomo uliosikika hadi mtaa wa pili, mpaka kiharusi kilipomlaza miaka minne iliyopita. Kilimnyang'anya upande mzima wa kulia na maneno yote, kikamwachia neno moja: "wee". Wee ya maji ilikuwa fupi. Wee ya kugeuzwa ubavu ilivutwa. Wee ya choo ilikuja mbili mbili, na hiyo haikuwa na masihara. Akili ilibaki nzima. Ukimuuliza jambo alijibu kwa kichwa, ndiyo au hapana, na umbea wa mtaani aliusikiliza kama zamani. Siku za kazi alikuwapo mlezi wa kulipwa, lakini mlezi hakulala pale wala hakuja Jumamosi. Usiku na wikiendi zilikuwa za Fundi Meno, kitinda mimba asiye na mume, maana ukoo ulishaamua kwamba asiye na mume hana shughuli.

Alikuwa na dada mmoja. Msusi, wote walimwita hivyo hata watoto wake, mwenye saluni mbili na kucha ndefu ambazo hazijawahi kuosha sahani. Fundi Meno alimwomba siku mbili tu, pale pale mbele ya kitanda cha mama yao.

"Nilale hapa? Mimi?" Msusi alivuta pumzi kwa nguvu, akafunika pua. "Kwenye harufu hii?"

"Dada, mama anasikia."

"Asikie! Ni mimi niliyemlaza? Halafu wewe, miaka thelathini na nne unakimbilia shule. Ukirudi huko utajitengenezea meno yako mwenyewe."

"Nikipata, mama atahamia kwako. Unalijua hilo."

"Tutaongea ukipata," Msusi alisema, na jinsi alivyosema ilionyesha wazi anaomba asipate. Wakavutana nusu saa nzima. Mwishowe alikubali Jumamosi moja, muda wa saa tatu, si dakika zaidi, akitaja na wateja atakaowakosa mmoja mmoja.

Ndivyo Fundi Meno alivyochagua mtihani wa nyumbani. Habari zikazunguka ukoo mzima, zikaongezwa chumvi njiani, na mjomba wao akapiga simu kwa sauti ya kutetemeka. "Wewe ndiye mtoto," alisema. "Umekataa kumwacha mama yako hata siku mbili!" Fundi Meno angeweza kumwambia ukweli. Alisema, "Ahsante, mjomba," akazimeza zile sifa zote.

Jumamosi Msusi alifika mapema, ajabu ya mwaka, akaketi karibu na kitanda akichezea simu. Fundi Meno alimwosha mama yake, akamlisha supu, akamgeuza upande wa ukuta, akamwinamia sikioni. "Mama, nivumilie leo. Saa mbili tu. Usiniite, mama yangu. Ukiniita nimekwisha." Mama akakubali kwa kichwa, na mkono wake mzima ukamshika mwanawe kidevu, ukakitikisa kidogo.

Chumba cha mtihani kilitengwa na cha mama kwa ukuta wa mbao nyembamba. Fundi Meno alionyesha kuta, meza, masikio, na saa nne kamili akaanza. Kusoma kulipita vizuri. Kusikiliza kulipita vizuri zaidi. Katikati ya kusikiliza ndipo alipotambua kandambili za dada yake zikiburuzika sakafuni, mlango wa nje ukifunguliwa taratibu na kufungwa taratibu zaidi. Msusi alikuwa ameitwa na bibi harusi mwenye nywele nusu, mteja anayelipa bila kuuliza bei. Fundi Meno alijua dada yake ameondoka. Hakuinua kichwa.

Ikaja sehemu ya kuongea. Swali likatokea kwenye kioo: aeleze mtu anayemheshimu na sababu zake. Jibu alilikariri siku nyingi, maana kijitabu cha wakala kilishauri hapo utaje mama tu, juu ya mama hukosi maneno. Akavuta pumzi, akaanza kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mtu anayemheshimu kuliko wote ni mama yake, mshonaji, aliyekesha kwenye cherehani ili yeye asome.

"Wee," ikasikika nyuma ya ukuta, chini chini, kama mtu anayeomba radhi.

Fundi Meno akasogea karibu na kinasa sauti, akapandisha sauti yake. Mama yangu ni mtu jasiri, alisema.

"Wee, wee."

Mbili mbili. Aliielewa, hakuna binadamu mwingine duniani aliyeielewa kama yeye. Kitanda kilianza kulia. Mwanamke yule alikuwa anajaribu kujishusha mwenyewe, kwa mkono mmoja na mguu mmoja, ili asimwite tena mwanawe. Fundi Meno aliongea kwa nguvu zaidi. Alisema mama yake alimfundisha huruma. Alilitamka neno hilo vizuri, akaliwekea mkazo panapotakiwa, na hapo kikasikika kishindo, kizito, na baada ya kishindo kimya.

Angeweza kusimama. Hatua saba, mlango, hatua tatu. Niseme wazi, maana yeye mwenyewe hatasema: alikaa. Alijitia hamnazo, akamaliza jibu, akabonyeza kuendelea, na kwa dakika thelathini zilizobaki akaandika insha kuhusu faida na hasara za usafiri wa umma. Hakukosea hata nukta.

Alipofungua mlango, mama yake alikuwa sakafuni, amelowa, mguu umegeuka upande ambao mguu haugeuki, na ule mkono mzima ameubana mdomoni. Ameung'ata. Hakuwa amezimia hata kidogo. Alikuwa macho muda wote ule.

Siku nne baadaye mjomba aliwakalisha mabinti wote wawili hospitalini, wadi ya mifupa, pembeni ya kitanda ambamo mama yao alilazwa na chuma nyongani. Asubuhi hiyo matokeo yalikuwa yametoka: alama themanini na moja. Wakala alishatuma pongezi zenye mapambo ya maua.

Mjomba hakumkawiza Msusi. "Bibi harusi!" alisema. "Umemwacha mama yako aanguke kwa ajili ya nywele za mtu! Una roho ya mtu kweli wewe?"

"Nimekosa, mjomba," Msusi alisema. Kwa mara ya kwanza hakuwa amejipaka chochote usoni. "Nimekosa na sijitetei. Lakini ukuta ule ni mbao. Mama akitaka kitu anaita, siku zote anaita. Na huyu alikuwa upande wa pili. Mwulize kama hakusikia."

Mjomba akamgeukia Fundi Meno.

"Sikusikia kitu," Fundi Meno alisema. "Ningesikia ningetoka. Mtihani ni nini mbele ya mama?"

"Anadanganya!" Msusi alisema. "Mwulize mama mwenyewe. Kichwa chake ni kizima. Mwulize!"

Mjomba akainama juu ya kitanda, akamshika yule mgonjwa mkono uliofungwa bandeji penye alama za meno. "Dada yangu," alisema polepole. "Siku ile, kabla hujaanguka. Ulimwita mwanao?"

Fundi Meno alifika kwenye reli ya kitanda bila kujua amefikaje. Alimtazama mama yake machoni, na ndani ya moyo wake, Mungu amsamehe, alikuwa anamwomba kwa mara ya pili asimwite.

Mama akamwangalia. Akamwangalia vizuri, taratibu, jinsi alivyozoea kuangalia nguo aliyokwisha kuishona kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Kisha akatikisa kichwa. Hapana.

"Hukumwita kabisa?"

Hapana.

"Mama!" Msusi alilia. "Mama, kweli?"

Mama hakumgeukia Msusi. Alifumba macho, akatikisa kichwa tena na tena, ingawa hakuna aliyekuwa akimuuliza tena, mpaka mjomba akamshika paji la uso kumtuliza, akamwagiza Fundi Meno aende akafunge mizigo yake ya safari.