Pasi ya Olwen Probert

Kwa miaka ishirini na miwili Olwen Probert alikipiga pasi kitambaa cha sufu cha meza ya snuka, ule mchezo wa kutia mipira shimoni kwa fimbo, katika Jumba la Wachimbaji pale Cwmhelyg, bonde la migodi ya makaa huko Wales, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona mechi hata moja ikichezwa juu ya meza ile. Mlangoni mwa chumba kile cha ghorofani palikuwa na kibao cheusi chenye maandishi ya dhahabu: WANAWAKE MWISHO HAPA. Kibao chenyewe alikisugua yeye kila Jumatatu mpaka kikang'aa, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyewahi kuona aibu.

Kazi yake ilianza alfajiri, zamu ya usiku ikiwa bado chini ya ardhi. Kwanza brashi, kisha pasi, lile dude zito la chuma ambalo wanaume wenyewe walilinyanyua kwa mikono miwili. Aliijaribu kwanza kwenye ukurasa wa gazeti la jana. Karatasi ikigeuka rangi ya chai, basi moto umezidi. Halafu alianza upande wa mpira wa kijani kuelekea upande wa mpira mweusi, mstari baada ya mstari, kwenda tu, bila kurudi. Sufu ya meza ile ina ulalo wake kama manyoya ya paka, na ukiipapasa kinyume inakukasirikia. Akimaliza, aliuchukua mpira mweupe, akausukuma kwa mkono polepole, akautazama ukitambaa kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Ukifika bila kupinda, alivaa koti lake akaenda zake nyumbani.

Alikuwa mjane, na mtu wa kumwachia mtoto hakuwa naye, kwa hiyo mwanawe Gethin alikulia chumbani humo humo. Wavulana wengine wa bonde lile waliigonga mipira kana kwamba wana ugomvi nayo. Gethin aliiga mkono wa mama yake. Aliuacha mpira utambae. Alipofika miaka kumi na minne wanaume wakaona kipaji, wakamchukua upande wao wa mlango, na mlango ukafungwa. Tangu siku hiyo michezo ya mwanawe Olwen aliisikia kwa masikio tu, kutoka kwenye ngazi.

Gethin akashuka mgodini, akapanda, akashinda vikombe vyote vya bonde na vya Wales nzima, na alipotimiza miaka ishirini na sita akaacha koleo akawa mchezaji wa kulipwa. Wakati huo watu waliofanya kazi hiyo walikuwa wachache. Miaka minne alizunguka Blackpool, Preston na Glasgow, akilala vyumba vya kupanga na fimbo yake chini ya kitanda. Matokeo yake yalitoka gazetini kwa herufi ndogo ndogo. Kila asubuhi kabla ya kuijaribu pasi, Olwen aliupekua ukurasa, na kama jina lilikuwamo alilikata kwa mkasi akalitia mfukoni. Hakuwahi kuliunguza jina la mwanawe.

Kisha ikapangwa mechi ya mchujo: Gethin Probert dhidi ya Wilf Entwistle wa Lancashire, wa kwanza kushinda raundi tisa, na mshindi anakwenda mashindano ya dunia. Kura ya mahali pa kuchezea ikaangukia Cwmhelyg. Bahati kama hiyo haiji mara mbili, na Olwen alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alitamani kitu kimoja tu, kumwona mwanawe akicheza, japo kwa ufa wa mlango.

Ijumaa mwenyekiti wa kamati, Bwana Handel Beynon, akamwita pembeni. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kola ngumu, na maisha yake yote hakuwahi kushika fimbo ya snuka.

"Kesho usihangaike na meza, Bibi Probert. Atakuwapo mwandishi wa gazeti. Haitapendeza akikuta mama na pasi mle ndani."

"Sasa nani ataipiga?"

"Mimi mwenyewe. Wewe utukalie jikoni, utuandalie chai."

"Wewe, Bwana Beynon? Umewahi kupiga pasi hata leso?"

"Kitambaa ni kitambaa tu, Bibi Probert."

Olwen akaenda jikoni kuhesabu vikombe.

Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa jikoni, chini kabisa ya chumba cha mchezo, birika limechemka, keki za zabibu zimepangwa. Juu ya kichwa chake palikuwa na wanaume themanini. Viatu vya mwanawe alivijua, vilikuwa na mwendo wa taratibu, hatua mbili kisha kimya. Lakini asubuhi hiyo kimya kilifuatwa na mguno wa watazamaji. Hatua mbili, kimya, mguno. Kila mguno ulimchoma yeye.

Saa sita wakapumzika. Wa kwanza kuteremka alikuwa Islwyn Mfupi, mchimbaji mwenye mdomo usiopata likizo.

"Mama Olwen, nipe chai ya msiba."

"Ngapi ngapi?"

"Tano kwa mbili. Tano za yule mgeni. Yule anabamiza tu, mipira inamtii. Mwanao akiupeleka mpira polepole kama kawaida yake, unafika katikati unageuka kama mlevi anayekumbuka ameacha kofia."

Birika likabaki mkononi mwa Olwen. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mpira wa nguvu haujali sufu. Ni ule wa taratibu unaosikiliza kila unywele.

Gethin akaingia, uso umempauka, chaki kwenye vidole.

"Mam, leo nani kapiga pasi?"

"Beynon."

"Kaipigaje?"

"Sikuwapo, mwanangu. Lakini naweza kukuambia. Kama suruali. Kwenda na kurudi."

Gethin akaketi kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka, kisha akainuka akaishika ile pasi ya chuma, iliyorudishwa karibu na moto wa jiko. "Twende, Mam."

Mlangoni Bwana Beynon alisimama chini ya kibao chake. "Haiwezekani. Gethin, unajua kanuni. Tangu jumba hili lijengwe!"

"Meza imeharibika, Bwana Beynon."

"Imepigwa pasi vizuri mno! Pande zote mbili!"

Refa, mtu aliyetoka mbali na asiye na ndugu pale bondeni, aliposikia "pande zote mbili" akafumba macho kama aliyeumwa jino. Wilf Entwistle akaweka chini kikombe chake. Alikuwa mtu mnene mwenye kizibao cha hariri, na roho safi.

"Mimi ninaongoza, kwa hiyo sina haja ya kulalamika," akasema. "Lakini kitambaa hiki kina wazimu. Kama mama huyu anaweza kukitibu, akitibu. Sitaki kesho niambiwe nilishinda kwa pasi mbovu."

"Meza itengenezwe," refa akaamua, "na anayejua kuitengeneza."

Basi Olwen Probert akapita chini ya kibao, aproni kiunoni, mbele ya wanaume themanini. Akaupiga brashi uwanja mzima. Akaomba gazeti, mwandishi mwenyewe akampa la kwake. Akaijaribu pasi, karatasi ikabaki nyeupe. Kisha akaanza, kutoka kijani kwenda nyeusi, bila kurudi. Wengi wa wanaume wale walikuwa wamecheza juu ya meza ile tangu ujana, na ndiyo kwanza wanaona inavyozaliwa kila asubuhi. Alipomaliza akauchukua mpira mweupe, akausukuma kwa mkono. Ukatambaa, ukatambaa, ukafika mwisho wa meza bila kupinda hata unene wa uzi.

Islwyn Mfupi akavua kofia. Wengine wakavua zao. Olwen akaona joto likimpanda shingoni, na halikuwa joto la pasi.

"Tunakushukuru, Bibi Probert," akasema Beynon, akikifungua kitasa. "Sasa, kwa mujibu wa kanuni..."

"Kanuni inasema wanawake wasiingie, Bwana Beynon. Mimi nimeshaingia. Kutoka ndiko kunakonishinda, na magoti haya. Na mkiniharibia meza tena katikati ya mchezo, nani atanipandisha ngazi? Wewe utanibeba?"

"Mbebe, Handel!" akapaza Islwyn, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Beynon akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumuunga mkono. Hakumpata. Gethin akaburuta kiti, kile chenye mikono ambacho mwenyekiti huketi siku za mkutano, akakiweka mstari wa mbele. Mama yake akaketi, pasi miguuni.

Basi akaona. Aliona mwanawe anavyokizunguka kitu kabla ya kukigusa, kama baba yake. Aliona kidevu kinavyoshuka juu ya fimbo, na mkono uleule, wake yeye Olwen, ukiusindikiza mpira na kuuachia. Hakujua kwamba mchezo wake ni mzuri hivyo. Miaka kumi na sita alikuwa akisikiliza viatu! Alijivuna mpaka akaona haya, kisha akaona hakuna sababu ya kuona haya, akaendelea kujivuna.

Sita kwa tatu, mgeni mbele. Sita kwa tano. Entwistle hakuwa mtu wa kutoa zawadi. Alibamiza, naye akapata zake. Saba kwa sita, nane kwa sita, nane kwa nane. Raundi ya mwisho ikafika mpira wa mwisho, mweusi, umekaa upande wa kijani, karibu na katikati ya meza. Anayeutia shimoni amekwenda mashindano ya dunia.

Zamu ilikuwa ya Gethin, na shimo ni la mbali, kwenye pembe ya meza. Ukipiga kwa nguvu, midomo ya shimo inautema. Gethin akainama. Akaugusa kwa upole hivi kwamba watu wa nyuma walidhani amekosa.

Mpira mweusi ukaanza kutambaa. Wanaume themanini wakanyoosha shingo. Mpira ukapunguza mwendo, bado una hatua nzima mbele yake, na hakuna mchezaji pale ndani, wala Entwistle, wala Gethin mwenyewe, aliyethubutu kusema utafika.

Olwen Probert akasimama akaanza kupiga makofi.

Alikuwa peke yake. Beynon akamgeukia akishangaa. Lakini yeye alikuwa ameutazama mpira ukitembea njia ile kila alfajiri kwa miaka ishirini na miwili, na sufu ile aliilaza kwa mkono wake. Makofi yake yalikuwa bado yanalia pale mpira ulipofika ukingoni, ukachungulia, ukaingia.

Jumba likalipuka. Gethin akapita katikati ya mikono iliyotaka kumbeba, akaja moja kwa moja kwenye kiti cha mwenyekiti, machozi yamemjaa.

"Umeona, Mam?"

"Nimeona, mwanangu. Nimeona yote." Akamfuta chaki shavuni kwa ncha ya aproni. "Na ule wa kijani, raundi ya kumi, ungeupiga polepole zaidi."