Ufunguo wa Mama Vioo

"Fungua basi, bibi. Mbona unautazama ufunguo kama mgeni?" mwalimu mpya wa biolojia alisema huku akicheka.

Mama Vioo hakucheka. Ufunguo ule ulikuwa umening'inia shingoni mwake kwa uzi mweusi miaka kumi na mmoja, ukilala naye na kuamka naye, hata ukamwachia alama kifuani. Kazi yake ilikuwa kufagia maabara, kupangusa meza na kulinda kabati. Yeye mwenyewe alisoma hadi darasa la saba tu, lakini hesabu ya kabati lake haikuwahi kupungua: hadubini kumi na mbili, vioo mia mbili vya kuwekea vitu chini ya hadubini, chupa zote na vifuniko vyake. Wakaguzi walikuja, wakahesabu, wakamsifu, wakaenda zao. Hakuna kilichovunjika, waliandika. Na ukweli ni kwamba karibu hakuna aliyekuwa akivigusa.

Wanafunzi waliijua hadubini ya ubaoni, ya chaki. Ile ya chuma waliishika mara ya kwanza siku ya mtihani. Mwaka jana nusu ya darasa walitazama wakaona kope zao wenyewe, wakazichora vizuri sana, na chini yake wakaandika: seli.

Mwalimu mpya alikuwa amembembeleza Mkuu wa shule mwezi mzima. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu. Mwishowe Mkuu alikubali, kwa sharti lake: "Kikivunjika kitu kimoja, kabati linafungwa mpaka siku ya mtihani. Sitaki maneno."

Ufunguo ukazunguka. Hadubini zilikuwa zimesimama kwenye rafu za juu, kila moja imevikwa mfuko wa nailoni na kufungwa kamba kiunoni, kama watoto waliotayarishwa kwa safari. Mwalimu alifungua ya kwanza, akaielekeza dirishani, akainama. Akafungua ya pili. Ya tatu.

"Bibi, njoo uone."

Mama Vioo aliona nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za buibui, zimetambaa juu ya lenzi yote.

"Ni ukungu," mwalimu alisema.

"Ukungu? Lakini mimi nazipangusa kila Ijumaa, mwanangu! Kwa kitambaa kibichi, halafu nazivika nailoni, nafunga kamba, vumbi lisizifikie."

"Ndiyo hivyo, bibi. Unazivika pamoja na unyevu wake. Giza lipo, maji yapo, ukungu utake nini tena?"

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma Mama Vioo. Alitafuta kigoda, akakaa. Miaka kumi na mmoja ya kupangusa, kumbe alikuwa anamwagilia bustani.

Walizifungua zote. Kumi na moja zilikuwa na ukungu. Ya kumi na mbili ilikuwa kwenye rafu ya chini, nyuma ya chupa, haina mfuko wala kamba. Mwalimu akaitazama, akafuta jicho, akaitazama tena.

"Hii ni safi kabisa! Imeponaje?"

Mama Vioo alianza kuchezea kifungo cha koti lake la kazi.

"Hiyo… hiyo nilikuwa naiazima."

"Unaiazima kwenda wapi?"

"Hapo dirishani tu. Ijumaa, watoto wakishaondoka. Naweka punje ya chumvi. Bawa la nzi. Ngozi ya kitunguu, ile nyembamba ya ndani. Nilimwona mwalimu wa zamani akifanya, nikiwa nafagia, nikaiga." Akainamisha kichwa. "Niliona haya kusema. Mimi ni wa ufagio."

Mwalimu naye akavuta kigoda, wakawa wamekaa magoti kwa magoti.

"Bibi, shule nzima hii, anayefanya utafiti ni wewe peke yako. Haya, nipe pamba na spiriti."

Wakasugua mpaka kengele ya kipindi ikalia. Hadubini saba zilifunguka macho. Nne zilikataa katakata. Saba na ile moja, nane; wanafunzi arobaini, watano kwa kila moja. Mwalimu alibandua vitunguu akagawa ngozi zake, kisha akamsukuma Mama Vioo mbele ya darasa kabla hajapata pa kukimbilia.

"Sikilizeni, wajukuu," alisema, sauti ikimtoka kidogo kidogo. "Kushusha, unashusha ukiwa unatazama kwa pembeni, jicho lako nje. Ukishaweka jicho ndani, unapandisha tu. Polepole. Kupandisha, siyo kushusha."

"Je, ukishusha?" aliuliza kijana mrefu wa nyuma, yule wanayemwita Mlingoti.

"Utasikia mwenyewe."

Na kweli alisikia. Kak! Darasa zima lilisikia. Mlingoti alijirudisha nyuma, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Ofisi ya Mkuu ilikuwa ukuta kwa ukuta. Mkuu akafungua mlango hata vicheko havijaanza.

"Nini kimevunjika?"

Mama Vioo aliingiza mkono mfukoni, akatoa kiberiti cha zamani, akakisukuma kwa kidole. Ndani, juu ya pamba, mlikuwa na kioo kilichovunjika vipande viwili.

"Kimevunjika kama hiki, Mkuu. Hiki nilikivunja mimi, mwaka wangu wa kwanza, kwa kosa hilihili la mjukuu wangu huyu. Vile vioo mia mbili mlivyokuwa mkihesabu ni mia moja tisini na tisa na kiberiti."

"Wewe? Mama Vioo?"

"Mimi. Na sijalirudia kosa hilo, maana mlio wake ninao masikioni hadi leo."

Mkuu alilitazama kabati lililokuwa wazi. Akamtazama mwalimu.

"Tulikubaliana."

"Ndiyo, Mkuu," mwalimu alisema chinichini, akaanza kukusanya vioo.

"Kitendawili!" Mama Vioo alisema.

Mdomo wa Mkuu ukamtangulia. "Tega."

"Nyumba yangu ina vyumba mamia, kila chumba kina mwenyeji mmoja, na mlango hakuna hata mmoja."

"Yai."

"Yai lina chumba kimoja."

"Mzinga."

"Nyuki waingilie wapi?"

Mkuu akajikuna shingo. "Haya, nimeshindwa."

"Nipe mji!"

Darasa likalipuka kwa vicheko. Mkuu akajitahidi asicheke, akashindwa upande mmoja wa mdomo. "Unataka mji gani?"

"Nipe kabati."

Vicheko vikakatika. Mkuu alisimama, mikono nyuma.

"Kwanza nionyeshe jibu," alisema.

Mama Vioo akamsogezea ile hadubini ya dirishani, iliyowekwa ngozi ya kitunguu. Mkuu akavua miwani, akainama.

"Sioni nyumba. Naona kama miti, miti myeusi."

"Hizo ni kope zako, Mkuu. Rudi nyuma kidogo. Sasa pandisha. Polepole."

Kidole cha Mkuu kikazungusha kidogo, kikazungusha tena, kikatulia. "Vyumba," alisema, bila kuinua kichwa. Mlingoti alikuja kusimama nyuma yake kungoja zamu, akafuata mwingine, na mwingine, mpaka foleni ikafika kwenye kabati. Ufunguo ulikuwa bado kwenye tundu lake, na uzi wake mweusi ukiyumba kila mtoto alipopita.