Hodi ya Jua la Utosini

"Hakusema hodi!" Bahiya aliupigia kelele ua wa makuti uliotenganisha nyumba zao mbili, kana kwamba ua ndio uliosema uongo. "Mie nilikaa safu ya tatu, shoga, wala sikusinzia. Yule mwanamke alisimama mlangoni, akafumbua kinywa, sauti isitoke. Midomo tu. Hodi umeitia wewe."

"Nimeitia mie?" Auleria alikuwa akimenya ndizi, kisu kikasimama. "Kwa hiyo mtu anakuja mlangoni kwa watu, anasimama, hasemi kitu. Mtu gani huyo?"

"Si mtu! Mzuka!"

"Hata mzuka kalelewa, Bi Bahiya. Ana mama yake."

Upande wa pili kilisikika kicheko kilichobanwa puani, kisha mchi ukatua kwenye kinu kwa hasira. "Unawaharibia watu sinema yao. Wanawake wanatoa nauli kwenda kuitazama mara ya pili, wanaingoja hodi yako, wanarudi wananiambia mkanda umekatwa."

"Basi na waje kwangu. Kwangu haukatwi."

Bahiya akarudia kutwanga. Alijua, kama Kinondoni nzima ya mwaka ule aliotawazwa Malkia wa Uingereza ilivyojua, kwamba kwa maneno Auleria hashindiki. Alishuka kutoka Bukoba miaka minane kabla, nyuma ya mumewe Projestus, karani wa forodhani, akiwa hajui Kiswahili cha kuombea maji. Kiswahili alikiokota kwenye foleni ya bomba, katikati ya matusi na madebe, na sasa wenyeji wa pwani walikuwa wakimwazima maneno. Alipenda watu kama wengine wapendavyo chumvi. Nyumba isiyo na mgeni aliiona kama chungu kilichoinamishwa.

Kila Jumatano alasiri jumba moja la sinema kule Uhindini lilikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Auleria na Bahiya, mke wa Nasser mwenye duka la pembeni, hawakulikosa: mmoja na kanga, mwingine na buibui, karanga zimefungwa kwenye pindo. Waliobaki nyuma walikuwa wengi. Huyu ana kichanga, yule mumewe hataki hata kusikia neno sinema. Hao sinema yao ilikuwa Auleria. Siku ya pili yake, jua likipungua makali, walijaa barazani kwake bega kwa bega, naye aliwasimulia mwanzo hadi mwisho, akigeuza sauti, akiimba panapoimbwa, akilia panapoliwa.

Na hii ya mwanamke wa mlangoni ilizipita zote. Ilikuwa picha ya Kihindi, si ya jana wala juzi. Mkanda umechunika hadi mvua ya mikwaruzo inanyesha ndani ya vyumba. Kihindi chenyewe hakuna aliyekijua sawasawa. Cha Bahiya kilikuwa cha kupunguziwa bei ya kanga, nacho hakiwafai wafu. Lakini hawakuhitaji. Walimwona bibi arusi amesimama kwenye mlango wa nyumba kubwa ya ukweni, wenyewe wako ndani, wanatazamana, hawamfungulii. Walimwona anachoka. Baada ya hapo hawakumwona tena, na hapo ndipo hofu ilipoanza.

Hapakuwa na damu hata tone. Palikuwa na pazia lililovuta pumzi, likaitoa. Palikuwa na kamba ya kisima iliyoteremka yenyewe, taratibu, kisha ndoo ikapanda imejaa, asionekane mtekaji. Na mzuka ule haukuja gizani. Ulikuja jua likiwa utosini, wakati ambapo hakuna mwenye kivuli, hivyo huwezi kujua nani anacho na nani hana. Wanawake walitoka ukumbini kwenye mwanga wa alasiri wameshikana mikono kama watoto, wakaapa hawarudi, na Jumatano iliyofuata walikuwa wa kwanza mlangoni. Ilikuwa hofu ya kidonda kinachopona: unajikuna, inauma, unairudia.

Auleria aliipenda kuliko wote, na kwa sababu aliipenda aliiongeza. Barazani kwake, mwanamke yule alipofika mlangoni, Auleria alinyamaza mpaka kuku wa uani wakasikika. Kisha akasema kwa sauti nyembamba, kavu, iliyotoka asikokujua mwenyewe: "Hodi." Akangoja. "Hodi." Akangoja tena. "Hodi jamani." Na akawaambia, wamemkazia macho, kwamba mtu wa ndani akiitika karibu, basi amekwisha mkaribisha, na wa kukaribishwa namna ile hatoki peke yake. Mwanamke mmoja alizimia. Auleria alilala siku ile akitabasamu.

Haikupita wiki mbili, mtaa ukabadilika. Saa za mchana zilikuwa saa za kuingiliana: chumvi imeisha kwa huyu, yule anataka kaa la moto, mwingine hana shida yoyote ila amesikia harufu ya mchuzi. Sasa milango ilibanwa. Mtu alipiga hodi mpaka koo likakauka, ndani kimya, na sufuria unaisikia inachemka. Wengine walijaribu kuitana kwa majina, wengine kupitia uani, mwisho wakachoka, kila mmoja akala kwake. Auleria, aliyezoea kupika cha watu sita, alijikuta mbele ya sinia peke yake na nzi. Hadithi iliyomjazia baraza alasiri ilikuwa imemfukuzia wageni mchana.

Jumatatu, sauti ikaja kweli.

Alikuwa akiepua. Nje hapakuwa na upepo. Hata mbuzi wa Nasser walikuwa wamenyamaza. "Hodi," ikasema, mbali kidogo, mlangoni kwa Jovina wa nyumba ya pembe. Ikangoja. "Hodi." Ikangoja. "Hodi jamani." Ikahamia kwa Bahiya. Mara tatu, kwa vituo vilevile. Kisha ikafika kwake. Auleria alisimama na chungu mkononi, kitambaa kimeungua, vidole vinaungua, asikitue chini kikapiga kelele. Sauti ilikuwa nyembamba na kavu. Aliijua. Ndiyo aliyoitoa barazani.

Ilipokoma alihesabu pumzi mia, ndipo akafungua mlango kiasi cha upana wa kiganja. Mchanga wa mbele alikuwa ameufagia asubuhi, na mistari ya ufagio ilikuwa bado imenyooka mpaka njiani. Hakuna aliyeikanyaga.

"Umeisikia?" Bahiya alinong'ona jioni kupitia makuti.

"Nimeisikia."

"Nilidhani umeongopa. Nisamehe, shoga. Alisema hodi kweli, mie ndiye sikusikia vizuri."

Neno hilo lilimkata Auleria maini. Watu wengine mtaani walikuwa na nafuu: wao waliogopa mzuka wa sinema. Yeye alijua kwamba mzuka wa sinema hakusema kitu. Ilikuwa kama kumshonea gauni mtoto ambaye hukupata kumzaa, kisha siku moja ukakutana na mtu njiani amelivaa, na limemkaa. Aliwaza kusema ukweli. Lakini angesema nini? Kwamba hodi ni uongo wake? Wangemuuliza: sasa huyu anayepiga ni nani?

Jumanne ikaja tena, saa ileile. Jovina, Bahiya, Auleria. Safari hii alijifunika kanga kichwani akakaa nyuma ya mlango, magoti kifuani. Aliona mwanga wa chini ya mlango ukiwa mzima, haukukatwa na miguu. Ile hodi ya tatu ilikuwa na uchovu ndani yake, uchovu wa mtu aliyebeba kitu muda mrefu, na Auleria alijikuta ulimi umenyanyuka wenyewe kutaka kuitika, kama mwili unavyopiga chafya. Akauuma. Usiku Projestus alimuuliza mbona anakula upande mmoja wa mdomo. Akasema jino.

Jumatano hakuwaza sinema. Alipika ndizi kwa samaki mbichi na nazi, nyingi, kwa mazoea ya mkono, akaketi kungoja kama anayengoja hukumu. Akiitika, pengine atakufa kwa uongo wake mwenyewe. Asipoitika, atazeeka hivi, nyuma ya mlango, na sinia la watu sita na nzi. Hilo la pili alilitazama kwa muda mrefu.

"Hodi."

Safari hii hakuisikia ikianzia kwa Jovina. Ilikuwa hapa, mbele yake. Masikio yalimjaa mshindo wa damu hata asiweze kujua sauti ni nyembamba au nene. Chini ya mlango mwanga ulikatika mara mbili. Miguu.

"Hodi humu."

Komeo lilikuwa la mti, na lilikuwa limefura. Auleria alilivuta kwa mikono miwili, huku machozi yanamtoka bila kulia, akafungua mlango wote.

Alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mweusi wa kung'aa, ameshika kigae cha chungu.

"Shikamoo, mama," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito, ya watu wa kusini, inakanyaga kila neno. "Samahani. Naomba moto. Kibiriti chetu kimelowa na mafuta kwenye mizigo. Nimepiga hodi kule pembeni, nimepiga na nyumba hii ya karibu, nikasema labda watu wa huku wamehama."

Auleria alimtazama miguuni. Vidole vilikuwa mbele na visigino nyuma, kama vya mtu, vyote vina vumbi, na nyayo zake zilikuwa zimeivuruga mistari ya ufagio toka njiani hadi kizingitini. Kicheko kilimtoka, kibaya, cha mtu aliyeokolewa majini.

"Marahaba. Marahaba, mwanangu! Kumbe ni wewe! Siku tatu unatuua kwa hofu! Unaitwa nani?"

"Bernadeta. Sisi wa Songea. Mume wangu Alfonsi amepata kazi bandarini."

"Ingia, ingia. Moto hauondoki. Bi Bahiya!" Aliita kwa sauti ya zamani, ile ya kuvuka nyua tatu. "Bi Bahiya! Njoo umwone mzuka wako, kaja kuomba kaa la moto!"

Bahiya alipitia uani, buibui limemkaa upande, akachungulia kwanza kwa jicho moja. Alipomwona mgeni ameketi mkekani na kigae chake, alijipiga paja. "Mtoto mzuri namna hii! Na sie tumejifungia kama kuku wenye kideri!" Akakaa, akanawa, na Auleria akalishusha sinia katikati. Mvuke wa nazi ukapanda. Kwa wiki mbili hakuwa amesikia mikono zaidi ya wake ikikata tonge.

"Nimewaongopea," alisema ghafla, kwa sababu chakula kilikuwa kitamu. "Ile hodi ya sinema. Niliitia mie."

"Si nilisema!" Bahiya alimnyooshea kidole chenye mchuzi. "Nilisema! Mpaka ukanifanya niombe msamaha! Na wewe, mtoto," akamgeukia Bernadeta, "ungepiga ukuta, ungeita kwa jina. Tangu Jumatatu unazunguka, masikini, umekula nini?"

Bernadeta alikuwa na tonge karibu na mdomo. Alilishusha.

"Jumatatu tulikuwa njiani, mama," akasema. "Tumeshuka na lori jana, magharibi. Leo ndiyo naliona jua la hapa kwa mara ya kwanza."

Bahiya aliutoa mkono kwenye sinia, akauweka mapajani, ukiwa bado na ndizi kwenye vidole. Nje hapakuwa na upepo. Mbuzi wa Nasser walikuwa wamenyamaza; Auleria hakujua wamenyamaza tangu lini.

"Hodi."

Nyembamba, kavu, mlangoni kwa Jovina. Ikangoja. Wakaisikia mara ya pili, na ya tatu. Bernadeta aliwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, akitaka aambiwe ni jambo la kawaida la huku. Bahiya alianza kusoma aya alizozijua, midomo tu, sauti haitoki. Ikahamia kwake, kwenye nyumba aliyoiacha tupu, ikapiga mara tatu pale pasipokuwa na mtu wa kuitika, na ile ya mwisho ilikuwa imechoka kuliko jana.

Mlango wa Auleria ulikuwa wazi vilevile alivyouacha. Kupitia humo aliona mchanga, mweupe kwa jua, nyayo za mtu mmoja zikija, na si kitu kingine chochote.

"Ufunge," Bahiya alinong'ona. "Auleria. Nakuomba, ufunge."

Alinyanyuka nusu. Mkono ulikwisha lifikia komeo. Akawatazama wale wawili waliokusanyika kwenye sinia lake, akautazama mlango, akaliachia komeo.

"Hodi," ikasema, kizingitini.

Auleria akarudi akaketi. Akamsukuma Bahiya kwa bega, asogee. Bahiya akasogea, macho ameyafumba. Mkeka ukabaki na nafasi ya mtu mmoja.

"Karibu," akasema, na sauti yake ikawa ndogo kuliko alivyotaka, kwa hiyo akairudia. "Karibu ndani, mwenzetu. Chakula bado cha moto. Njoo tule."